Mdomo wa Klipu

Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gia ikiwa huru, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Pingili za cheni zitapita mbele ya macho yako zote sura moja, ncha za pini zimefuliwa zikawa bapa, mpaka itokee moja iliyovaa klipu: kipande cha chuma cha springi, mviringo upande mmoja, mdomo wazi upande wa pili. Hiyo ndiyo loki. Pingili nyingine zote zilifungwa na mashine kiwandani na hazikukusudiwa kufunguliwa tena. Hii moja iliachwa kwa ajili ya mkono wa mtu. Ndiyo maana cheni ikisifiwa kwa ugumu wake sifa huenda India, China au Japani, lakini loki ikikaa vizuri sifa ni za yule aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya mwarobaini, plaizi mkononi. Kwa kawaida hazimfikii.

Nataka zimfikie. Mafundi wa injini hawana haja ya mtu wa kuwapigia debe. Fundi akishusha injini watu husimama kumtazama. Akiweka ringi na pistoni mpya, habari hufika kijiweni kabla pikipiki yenyewe haijafika. Kufunga loki huachiwa dogo anayejifunza, wakati mkubwa wake anakunywa chai na chapati. Kwangu mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Injini iliyofungwa vibaya hukataa kuwaka, au hufuka moshi, au hugonga. Hukupa taarifa ungali umesimama gereji. Loki iliyofungwa vibaya hunyamaza. Itakwenda sokoni, itakwenda stendi, itapeleka watoto shule, na itakapoachia pikipiki itakuwa mwendoni, mara nyingi na abiria nyuma. Ukiwa na bahati cheni italala barabarani uirudie kuiokota. Usipokuwa na bahati itajikusanya kwenye sproketi ndogo ya mbele, ipasue kava ya injini au ilibane gurudumu la nyuma lisizunguke, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa ukageuka mburuzo.

Ili kuelewa kwa nini kitu kidogo hivyo kinadai akili nyingi, lazima kwanza uijue cheni yenyewe. Hii tunayoitumia ina baba anayejulikana. Hans Renold, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1852, alihamia Manchester nchini Uingereza, akanunua biashara ndogo ya kutengeneza cheni mwaka 1879, na mwaka uliofuata akabuni cheni yenye bushi na rola. Kabla yake pini ilisuguana na ukingo mwembamba wa sahani, ikaliwa upesi. Renold aliingiza bushi, kijibomba kifupi kinachoikumbatia pini kwa upana wake wote, na juu ya bushi akavisha rola inayojizungusha kila inapokutana na jino. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley akatoa baiskeli yake ya Rover, cheni ikilisukuma gurudumu la nyuma, na mpangilio huo haujabadilika. Baiskeli ya Phoenix iliyobeba madumu ya maziwa alfajiri na pikipiki ya Boxer iliyobeba mwanafunzi saa moja asubuhi zote zinaendeshwa na wazo la yule Mswisi.

Tazama cheni hiyo kwa ubavu. Kuna pingili za ndani, zenye sahani mbili zilizoshikwa na bushi, na kuna pingili za nje, zenye sahani mbili zilizoshikwa na pini. Zinapishana: ya ndani, ya nje, ya ndani, ya nje. Loki ni pingili ya nje iliyokubali kuvuliwa sahani moja. Ina pini mbili zilizokazwa kwenye sahani ya nyuma, ina sahani ya mbele inayovuliwa, na klipu inayoizuia sahani hiyo isitoke. Vipande vitatu tu. Ukiviangusha kwenye mchanga bila kutandika gunia chini, utatafuta klipu mpaka jua lizame.

Sasa tuingie duka la spea. Wahenga waliosema mchagua jembe si mkulima hawakuwahi kutumwa kununua loki. Muuza duka atakumwagia kaunta nzima ya vipakiti vidogo vya plastiki na kukwambia, “Zote moja tu hizo, kaka, chukua yoyote.” Si kweli, na namba zilizogongwa ubavuni mwa cheni ndizo ushahidi. Pikipiki nyingi za bodaboda, zile za cc 100 hadi 150, hutumia cheni ya 428. Tarakimu ya kwanza huhesabu sehemu za nane za inchi kutoka pini hadi pini: nne za nane ni nusu inchi, yaani mm 12.7, umbali ule ule ulio kwenye cheni ya baiskeli. Tarakimu mbili za mwisho hueleza upana wa ndani ambamo jino la sproketi huingia. Kwa 28 ni karibu mm 8. Cheni ya 420 ina umbali ule ule wa nusu inchi, lakini upana wake wa ndani ni mm 6.35 tu, na pini yake ina unene wa karibu mm 4 wakati ya 428 inakaribia mm 4.5. Kwa hiyo loki ya 420 ikiwekwa kwenye cheni ya 428 pini zake zitakuwa fupi na nyembamba kwa pamoja. Ukilazimisha, pini itacheza ndani ya bushi, na kinachocheza hujichimbia nafasi zaidi kila siku. Pikipiki kubwa zenye cheni ya 520 au 530 zina hesabu yao: tano za nane za inchi, karibu mm 16.

Halafu kuna herufi H, ambayo wengi huipita bila kuisoma. 428H ina sahani nene kuliko 428 ya kawaida, za ndani na za nje. Loki ya 428 ya kawaida ikivishwa kwenye cheni ya H, ncha za pini hazitokezi vya kutosha na mfereji wa klipu unabaki umefunikwa nusu na sahani. Klipu itaingia kwa kusukumwa, itatoa hata mlio, na mwenye pikipiki ataondoka ameridhika. Ukifanya kinyume, loki ya H kwenye cheni ya kawaida, sahani itapata nafasi ya kwenda kushoto na kulia na kuigonga klipu kwa ndani bila kupumzika. Hata kati ya loki mbili zenye namba moja, ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile, unene wa pini unaweza kupishana kidogo. Fundi makini huomba loki ya kampuni iliyotengeneza cheni yenyewe, na akiikosa huenda na kipande cha cheni mfukoni.

Kipande hicho ndicho mzani wake. Mtazame anavyopima: anaifuta pini kwa kidole gumba, anaitumbukiza kwenye bushi ya kile kipande, anaizungusha. Inatakiwa iingie bila nyundo na izunguke bila kutikisika. Kisha anavisha sahani ya mbele na kuangalia mfereji: uonekane wote, kuzunguka ncha nzima ya pini. Mwisho anaichukua klipu peke yake, anaibonyeza kidogo kati ya vidole, anasikiliza inavyorudi. Klipu laini inayobaki pale ulipoipindisha ni bati, irudi dukani. Kazi hiyo yote haimalizi dakika mbili, na muuza duka huwa ameshakunja uso.

Sahani ya mbele nayo ina mambo yake. Zipo zinazoteleza kwenye pini kwa urahisi, na zipo zinazobana, zinazohitaji kusukumwa sawasawa pande zote mbili mpaka zifike. Hizi zinazobana ndizo imara zaidi, kwa sababu sahani yenyewe inashika mzigo na klipu inabaki na kazi ya ulinzi tu. Bahati mbaya ndizo zinazochukiwa. Nimeona mtu anachukua tupa na kutanua matundu ya sahani ili “iingie vizuri”. Ameondoa kwa mikono yake mwenyewe kile alicholipia.

Kabla ya kuunga kuna kukata, na humo pia mna ustaarabu. Pini ya kiwandani imefuliwa kichwa. Ukiipiga kwa msumari na nyundo ikiwa hivyo hivyo, kichwa kitapasua tundu la sahani kikitoka na huenda kikapindisha bushi unayotaka kuitumia. Fundi anayejiheshimu husaga kichwa kwanza, kwa grinda au kwa tupa umeme ukikatika, mpaka kiwe sawa na uso wa sahani, ndipo anaisukuma pini kwa panchi huku cheni imelala juu ya nati kubwa au kipande cha bomba kinachoipa pini pa kutokea. Anatoa pini mbili za pingili moja ya nje, na mkononi anabaki na ncha mbili za ndani, tayari kupokea loki. Asiyejua hukata popote. Atajikuta na ncha moja ya ndani na nyingine ya nje, na hapo loki haina pa kuingia. Kwa sababu ya kupishana huko, cheni iliyofungwa kwa loki ya kawaida lazima iwe na idadi shufwa ya pingili. Ipo nusu pingili, iliyopinda ili upana mmoja uwe wa ndani na mwingine wa nje, inayookoa hesabu witiri. Viwandani huikubali kwa shingo upande, kwa kuwa sahani iliyopinda hubeba mzigo vibaya kuliko iliyonyooka. Kwenye bodaboda ningeikataa kabisa, kwa kuwa skrubu za kukazia gurudumu la nyuma zina nafasi ya kutosha kumaliza tofauti hiyo.

Kuvisha cheni mpya kuna ujanja mmoja ninaoupenda kuliko yote katika kazi hii. Sproketi ya mbele imejificha nyuma ya kava, na kuipitisha cheni humo kwa vidole ni kujitafutia kidonda. Basi fundi haondoi cheni ya zamani. Anaifungua loki yake tu, anaiunganisha ncha ya cheni mpya kwenye ncha ya ile kuukuu kwa loki hiyo hiyo, anavuta kuukuu taratibu, na mpya inaingia yenyewe, inazunguka meno ya mbele gizani na kutokea upande wa pili. Cheni iliyochoka inaifundisha mpya njia.

Ncha mbili zinakutanishwa juu ya sproketi kubwa ya nyuma, wala hazikutanishwi hewani. Meno yanazishika zote mbili, mvutano unaisha, na pengo la kuingiza loki linakaa pale pale bila mtu wa pili kushikilia. Sahani yenye pini inaingizwa kutoka upande wa gurudumu kuja nje, ili klipu iwe upande unaoonekana. Huo si urembo. Klipu iliyo upande wa ndani hakuna atakayeikagua, na hakuna atakayejua imeanguka lini.

Tumefika kwenye klipu, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili huelezwa kila siku na kila siku hukosewa. Mviringo wa klipu, upande uliofungwa, lazima utangulie kule cheni inakokwenda. Mdomo ufuate nyuma. Sababu yake iko wazi: ikigusa kitu njiani, jiwe, kipande cha waya, ukingo wa kava ya cheni iliyopinda, klipu itagongwa kwenye mviringo na kusukumwa izidi kuingia. Ukiigeuza, pigo lile lile litaipata mdomoni na kuivua. Tatizo ni kwamba cheni haiendi upande mmoja. Upande wa juu hukimbilia mbele kuelekea injini, upande wa chini hurudi nyuma kuelekea gurudumu. Kwa hiyo loki ikiwa juu, mdomo wa klipu utazame nyuma. Loki ile ile ikizunguka ikafika chini, mdomo utaonekana unatazama mbele, na hiyo ni sahihi. Mafundi wawili wanaweza kubishana asubuhi nzima, mmoja ameitazama ikiwa juu na mwingine ikiwa chini, wote wakiwa na haki. Dawa ya ubishi ni kuizungusha loki ifike juu kabla ya kusema lolote.

Kuivisha nako kuna mkono wake. Klipu inalazwa juu ya sahani, mviringo ukiwa umeshaingia kwenye mfereji wa pini ya mbele na miguu yake ikielea kando ya pini ya nyuma. Plaizi inashika vitu viwili: taya moja nyuma ya ncha ya pini ya nyuma, taya nyingine mbele kwenye mviringo. Inabanwa taratibu. Miguu inatanuka kidogo, inaipita pini, inajifunga, na sauti yake ni kavu na fupi. Hakuna bisibisi, hakuna kutanua klipu kwanza “ili ilegee”. Springi iliyotanuliwa kupita kiasi haikumbuki tena umbo lake, ndiyo sababu klipu iliyovuliwa mara kadhaa inastahili kutupwa hata kama macho hayaoni kasoro. Wapo wanaozungushia waya mwembamba juu yake. Sioni ubaya, mradi waya huo haukuwekwa kuficha klipu iliyolegea.

Cheni zenye pete za mpira kila kiungo, zile zilizofungiwa grisi ndani tangu kiwandani, zina loki yenye pete zake nne, na asiyezipanga mbili kwa kila pini ameingiza mchanga nyumbani mwake. Pikipiki zenye nguvu kubwa mara nyingi huagizwa loki ya kufuliwa, ambayo haina klipu kabisa: ncha za pini zina shimo, na chombo maalumu huzitanua zikawa kichwa. Hiyo haitaki nyundo ya kubahatisha. Kijiweni kwetu huioni mara nyingi, kwa hiyo naiacha hapo.

Kilele cha ufundi huu kwangu kiko kwenye kukataa. Bodaboda mmoja alisukuma pikipiki yake mpaka gereji, jasho likimtiririka, cheni imefungwa kwa mpira kwenye tenga la nyuma.

“Shikamoo mzee. Niwekee loki tu, niwahi. Sijafikisha hesabu.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niione kwanza.”

Mzee aliinyoosha cheni juu ya gunia. Ilikuwa na klipu tatu tayari, kila moja kumbukumbu ya mahali ilipokatikia. Aliishika ncha moja, akaiinua kwa ubavu, na cheni ikajikunja upinde mrefu kuelekea chini, jambo ambalo cheni nzima haifanyi kwa kiasi hicho. Kisha akaigusa sproketi ya nyuma. Meno yalikuwa yamelala upande mmoja, makali, mfano wa pezi la papa.

“Siungi hii,” alisema. “Nikiunga hapa, itakatika pale. Tafuta seti.”

Kijana alilalamika sana, na alikuwa na sababu. Loki inauzwa kwa bei ya soda. Seti ya cheni na sproketi zake mbili inakula mapato ya siku kadhaa, na pikipiki ya mkataba haimsubiri mtu, maana tajiri anataka hesabu yake jioni. Hapo ndipo mishikaki inapoanzia pia: abiria wawili, pengine watatu, kwenye kiti cha mmoja, ili kufidia siku iliyopotea, na cheni iliyochoka inabeba mzigo ambao haikupewa hata ilipokuwa mpya. Mzee aliyajua yote hayo. Alimpa namba ya duka linalokubali malipo ya awamu, lakini cheni hakuigusa.

Alikuwa na hesabu upande wake. Watu husema cheni imevutika, ilhali chuma chake hakijavutika hata kidogo. Kinacholiwa ni pini na bushi, kila kiungo unyoya tu. Chukua cheni ya 428 yenye pingili 118. Kila kiungo kikiliwa sehemu moja ya kumi ya milimita, cheni nzima imerefuka mm 11.8, karibu pingili kamili. Umbali kutoka pini hadi pini haulingani tena na umbali kutoka jino hadi jino, basi rola zinapanda meno na kuyachonga. Ukitia loki mpya katikati ya cheni ya namna hiyo, umeweka mm 12.7 halisi kati ya jirani waliokwisha kuipita. Kila inapofika kwenye sproketi itabeba mzigo vingine na wenzake. Watu wa baiskeli wana kipimo chepesi cha kuamulia: pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na sehemu moja ya kumi na sita, usiulizie loki, ulizia cheni.

Loki basi inafaa lini? Inafaa cheni ikiwa bado changa na imekatwa na ajali ya mara moja, jiwe au tawi lililoingia kwenye meno. Inafaa cheni mpya inapovishwa, na inafaa unapotaka kuivua uioshe kwa mafuta ya taa na kuirudisha. Loki moja kwa cheni moja. Ya pili ni ya kukufikisha nyumbani, na ya tatu ni ushahidi mahakamani.

Ufundi wa kuunga haukuanza wala hauishii kwenye pikipiki, na nikikaa ufukweni Tanga au Mombasa nikatazama meli zilizotia nanga nje, hukumbuka kwamba chini ya maji kuna ndugu mkubwa wa klipu yetu. Mnyororo wa nanga hutengenezwa kwa vipande vya mita 27.5, na kila kipande huungwa na kinachofuata kwa kiungo cha Kenter: nusu mbili za chuma zinazoshikana kwa kuteleza ubavuni, kishikizo katikati, na pini iliyochongoka inayopita mshazari kuvifunga vyote, mdomo wa tundu lake ukizibwa kwa risasi ili pini isirudi ilikotoka. Mabaharia hukipaka kiungo hicho rangi nyekundu na pete za jirani nyeupe, idadi yake ikionyesha ni kipande cha ngapi, hivyo nanga inaposhushwa mtu anahesabu viungo na kujua mnyororo kiasi gani umezama. Mahali palipounganishwa ndipo panaposomwa. Nalipenda wazo hilo: badala ya kuficha kiungo, wamekipa rangi kali kuliko vyote.

Kwenye minyororo ya kunyanyulia mizigo uvumilivu unaisha. Mnyororo wa daraja la 80, wenye namba 8 au 80 iliyogongwa kwenye pete zake, hupewa mzigo ambao ni robo tu ya ule unaoweza kuukata, na kiungo chake lazima kiwe cha daraja lile lile na saizi ile ile. Bado utakuta gereji mnyororo wa kunyanyulia injini umeungwa kwa bolti na nati, au umechomelewa kwa fundi wa mageti. Chuma cha mnyororo huo kilipata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa mpango. Moto wa kuchomelea unaifuta kazi hiyo yote mahali pale pale unapotaka nguvu. Hapa sina maneno mengi. Usipite chini yake.

Nirudi kwenye pikipiki, maana kazi haijaisha klipu inapolia. Loki ikishakaa, fundi anapima ulegevu wa cheni katikati ya upande wa chini: kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya mm 20 na 30 za kupanda na kushuka, na kitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Anapima sehemu kadhaa akizungusha gurudumu, kwa sababu cheni huwa na mahali inapobana kuliko pengine, na hapo ndipo pa kupimia. Vijana hupenda cheni iliyokazwa ikawa waya wa gitaa wakidhani ndiyo usalama. Wanasahau kwamba abiria akipanda, springi za nyuma hushuka na cheni huzidi kukazika. Mvutano huo wote unapita kwenye pini mbili za loki na kuishia kwenye beringi. Mwisho ni mafuta. Oili chafu iliyomwagwa injini ni bora kuliko ukavu, nakubali, ila inakuja na unga wa chuma iliouokota humo. Oili safi ya gia, nzito kiasi, ikitiwa kidogo upande wa ndani wa cheni baada ya safari wakati ingali na joto, na ziada ikafutwa kwa kitambaa, inatosha.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye pikipiki, ukiegesha jioni ya leo, izungushe cheni mpaka loki ifike juu. Ukikuta mdomo wa klipu unatazama mbele, usiiwashe tena mpaka igeuzwe, na weka klipu mpya mbili chini ya kiti pamoja na spana zako. Na kama fundi wako alikwisha kuiweka sawa bila kuambiwa, kesho ukipita gereji mlipe chai.